Nyumba ya Phelesia na Mwamba Ulioinama

Kila asubuhi Scovia hufagia uwanja kwanza. Kisha hupika uji. Kisha huenda kumwamsha binti yake, Damaris, ambaye yuko gredi ya pili. Damaris halali kwa mama yake. Hulala kwa nyanya yake, Phelesia, kwa sababu nyanya hapendi kuwa peke yake usiku.

Boma lao liko chini ya Got Rateng', upande wa Osiri, Kaunti ya Migori. Got Rateng' ni jina la Kijaluo. Maana yake ni kilima cheusi. Mawe yake ni meusi kweli, na ni mazito. Mtoto akiinua jiwe la ukubwa wa mkate, mkono unashuka wenyewe. Ukilivunja utaona mistari ndani: mweusi, mwekundu, mweusi tena, kama kitambaa cha shuka. Hayo ni mawe ya chuma.

Watu wa hapa hawachimbi chuma. Wanachimba dhahabu, ambayo hujificha katika mawe hayohayo. Fanuel, mume wa Scovia, ni mchimbaji. Shimo lao liko juu kidogo ya boma. Kwanza kuna ua wa minyaa, halafu njia ya ng'ombe, halafu shamba la mihogo, ndipo ufike shimoni. Ukisimama mlangoni kwa Phelesia huwezi kuliona.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyeogopa. Shimo lilikuwa kule. Nyumba ilikuwa hapa.

Siku moja, wakati wa kiangazi, Scovia alimpelekea mama mkwe uji. Alisukuma mlango. Mlango ukakataa. Akausukuma kwa bega, ukafunguka kwa kelele.

"Mlango huu umeanza lini kukwama, Mama?"

"Umezeeka kama mimi," Phelesia alisema. Alikuwa ameketi sakafuni akisuka mkeka wa mafunjo. Mikeka ndiyo kazi yake. Hupelekwa kuuzwa sokoni. "Weka uji hapo, nyar Mfangano."

Scovia alizaliwa kisiwani Mfangano. Mama mkwe humwita hivyo, yaani binti wa Mfangano, siku zote, akiwa na furaha na akiwa na hasira.

Aliinama kuweka kikombe. Hapo akasikia kitu. Du. Du. Du. Sauti ilikuwa ndogo, na ilitoka chini.

"Umesikia, Mama?"

"Usiogope. Ni mzee."

"Mzee gani?"

"Baba Fanuel. Alikuwa mtu wa kubisha hodi hata kwake mwenyewe. Sasa anabisha tena."

Baba yake Fanuel alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Kaburi lake lilikuwa hapo uwanjani.

"Anataka nini?" Scovia aliuliza.

"Ningejua ningempa," Phelesia alisema, akaendelea kusuka.

Scovia alitoka, lakini moyo wake haukutoka naye. Alifua nguo, akazianika, akarudi. Aliweka beseni la maji sakafuni, akasema anataka kusafisha dirisha. Hakusafisha. Aliangalia maji. Kila sauti ilipokuja, maji yalitetemeka kidogo, kama ngozi ya ng'ombe akiumwa na nzi.

Pia aliona ufa ukutani, karibu na kitanda ambacho Damaris hulalia. Ufa ulianzia chini ukapanda kama mguu wa kuku. Scovia alichukua udongo, akauchanganya na majivu na maji, akapaka tope jembamba juu ya ufa. Lilipokauka lilionekana kama plasta juu ya kidonda.

"Sasa unafanya nini na ukuta wangu?" Phelesia aliuliza.

"Nautengeneza, Mama."

Haikuwa kweli kabisa. Alitaka kujua kama ufa ule umelala au unatembea. Ufa uliolala hauvunji tope. Ufa unaotembea utalivunja.

Baada ya siku chache, tope lilikuwa limepasuka katikati.

Jioni Scovia alimwambia mumewe. Fanuel alikuwa ananawa miguu.

"Ukuta wa udongo lazima uwe na nyufa," Fanuel alisema. "Hata mimi nina nyufa. Angalia kisigino hiki."

"Sicheki, Baba Damaris. Kuna sauti chini ya nyumba ya mama."

"Mama amesema ni mzee."

"Wewe unaamini ni mzee?"

Fanuel alijifuta miguu. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini pia hakutaka kumkosea baba yake.

"Nyinyi mnachimba kuelekea wapi?" Scovia aliuliza.

"Kwa mto. Mwenyekiti Barnabas anajua. Anapima."

"Basi nifanyie jambo moja. Kesho wenzako wakipanda kula, wewe baki. Gonga mwamba mara mbili, nyamaza, kisha gonga mara moja. Halafu rudia hivyohivyo."

"Kwani mimi ni mpiga ngoma wa kwaya?"

"Gonga tu."

"Na nikigonga, utaacha kupaka kuta za watu matope?"

"Nitaacha."

Siku iliyofuata, jua lilipokuwa utosini, Scovia alilala kifudifudi katika nyumba ya mama mkwe. Aliweka sikio sakafuni. Phelesia alimwangalia juu ya mkeka wake.

"Nyar Mfangano, kama umechoka kuna kitanda."

"Shh, Mama. Kidogo tu."

Kimya. Kuku alipita mlangoni. Kisha sauti ikaja. Du, du. Kimya. Du.

Kisha tena. Du, du. Kimya. Du.

"Tunakusikia, mzee," Phelesia aliiambia sakafu.

Scovia aliinuka. Shavu lake lilikuwa na vumbi. "Mama, huyo si mzee. Huyo ni Fanuel. Nilimwambia agonge hivyo."

Phelesia alishika funjo mkononi bila kulisuka. 

"Ni Fanuel tangu mwanzo?"

"Nafikiri ni yeye na wenzake, Mama."

"Mimi nimemwambia huyo wa chini mambo mengi," Phelesia alisema polepole. "Mengine hayafai mtoto kuyasikia."

"Hakusikia, Mama. Wao wana kelele."

"Afadhali."

Fanuel aliporudi jioni, Scovia alimwambia alichosikia. Safari hii Fanuel hakuonyesha kisigino. Asubuhi yake alikwenda kwa Barnabas, mwenyekiti wa kikundi chao, na Scovia akaenda nyuma yake. Barnabas alikuwa mtu mcheshi. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai.

"Shemeji," alisema, "nimesikia siku hizi wewe ni askari wa nyufa."

"Nimesikia nyundo ya mume wangu chini ya kitanda cha mtoto wangu," Scovia alisema.

"Umesikia, ndiyo. Lakini chuma hubeba sauti. Gonga bomba la maji pale shuleni, yule aliye mwisho wa bomba atasikia. Sasa utasema umegonga sikio lake?"

Wachimbaji wengine walicheka. Barnabas alitoa simu yake. Ndani yake kulikuwa na dira, yaani kile chombo chenye mshale unaoonyesha kaskazini.

"Mimi sichimbi kama panya. Kila wiki nashuka na simu. Nasimama ndani ya handaki, naangalia mshale. Unasema tunakwenda kaskazini. Kaskazini ni mto. Boma lenu liko magharibi. Simu si ndugu yangu, shemeji. Haiwezi kunipendelea."

Scovia aliangalia mshale. Hakuwa na elimu ya dira. Alisoma shule ya msingi tu, na hapo hawakufika mambo ya chini ya ardhi. Alirudi nyumbani.

Lakini hakuweza kutulia. Alikaa, akasimama. Alipika mboga akasahau chumvi. Alipaka tope jipya juu ya ufa, na tope likapasuka tena. Mbali, upande wa ziwa, mawingu ya kwanza yalianza kujikusanya. Masika yalikuwa karibu.

"Mama, Damaris atalala kwangu siku hizi," alisema.

"Mchukue. Mimi nitabaki."

"Mama, na wewe pia..."

"Na mimi pia nini? Nilale katika nyumba ya mwanangu aliyeoa? Huko kwenu Mfangano wazazi hulala na wakwe zao chini ya paa moja?"

"Hapana, Mama."

"Basi usinifanye kichekesho."

Scovia alijua mila. Mzazi halali katika nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo kila jioni alimwacha mama mkwe aende kulala juu ya zile sauti, na kila asubuhi aliharakisha kwenda kusukuma mlango ule. Kila ulipofunguka alishusha pumzi.

Wiki hiyo alikuja Bochaberi. Bochaberi ni mtaalamu wa miamba. Amesomea mawe kama daktari anavyosomea mwili. Alikuja kufundisha vikundi vya wachimbaji namna ya kufanya kazi bila kuumia. Yeye ni Mkisii wa Nyamira, hajui Kijaluo, kwa hiyo alizungumza Kiswahili. Alizungumza juu ya kofia ngumu, juu ya hewa, juu ya sumu ya zebaki. Mwisho akasema, "Kuna swali?"

 Scovia, aliyekuwa amesimama nyuma na kina mama wanaoosha mchanga wa dhahabu, aliinua mkono.

"Madam, sauti ya nyundo inaweza kutoka kwa mto ikafika kitandani kwa mama mkwe wangu?"

Watu walicheka. Barnabas alificha uso kwa kofia. Bochaberi hakucheka.

"Mlango wa hiyo nyumba unafunga vizuri?" aliuliza.

"Haufungi tena."

"Twende nikaone."

Walikwenda pamoja, na wachimbaji wakawafuata, kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Bochaberi aliingia kwa Phelesia, akasalimia vizuri, akaangalia ufa.

"Nani amepaka tope hapa?"

"Ni mimi," Scovia alisema.

"Ulipaka lini?"

"Juzi."

Bochaberi aliweka ukucha ndani ya mpasuko. Ukucha uliingia wote. "Unatembea," alisema. "Na haraka. Ulifanya vizuri kupaka. Kila nyumba iliyo karibu na shimo ifanye hivi."

Halafu alitoka nje, akaona mikeka ya Phelesia imewekwa mmoja juu ya mwingine, tayari kwa soko.

"Mama, naweza kutumia mikeka yako kidogo?"

"Ukiichafua utainunua," Phelesia alisema.

Bochaberi aliegemeza rundo lile ukutani. Mikeka ililala kimshazari, juu ukutani, chini uwanjani.

"Angalieni," alisema. "Mwamba wa kilima hiki uko hivi. Zamani sana, kabla ya ziwa, kabla ya samaki, hata kabla ya majani, hapa palikuwa na bahari. Chuma kilikuwa majini, kikashuka chini polepole. Tabaka moja la chuma, tabaka moja la jiwe gumu, tena chuma. Yalitandikwa kama mikeka hii. Ndiyo ile mistari mnayoiona mkivunja jiwe. Baadaye ardhi ilisukumwa, matabaka yote yakainama. Hayakulala tena. Yaliegemea."

Aliokota changarawe. Aliiingiza kati ya mikeka miwili, upande wa juu. Changarawe iliteleza, ikatoka chini, karibu na miguu ya Phelesia.

"Iliingilia wapi?"

"Juu," watu walisema.

"Imetokea wapi?"

 Wote waliangalia miguu ya Phelesia.

"Nyinyi mkichimba, mnafuata tabaka lenye dhahabu," Bochaberi alisema. "Mwanzo shimo ni wima, kama kisima. Mkifika kwenye tabaka, mnaanza kulifuata. Nalo limeinama. Kwa hiyo handaki haliko chini ya mdomo wa shimo. Linakwenda pembeni, linashuka, linaingia chini ya watu wengine. Usiulize mdomo wa shimo uko wapi. Uliza tabaka limeinamia wapi."

"Sawa, madam," Barnabas alisema. "Mimi nakubali limeinama. Lakini limeinamia kwa mto. Simu imesema kaskazini."

"Ilete hiyo simu. Na jiwe jeusi, kubwa."

Bochaberi aliweka simu juu ya kigoda. Mshale ulitulia. Kisha akasogeza jiwe upande wa kushoto. Mshale ukageuka kushoto. Akalisogeza kulia. Mshale ukalifuata, kama ndama anavyofuata chuchu.

"Mshale wa dira huvutwa na chuma," alisema. "Mahali pengine unaonyesha kaskazini vizuri. Ndani ya mwamba wa chuma unaonyesha chuma. Chini kule, simu yako imezungukwa na mawe haya kila upande. Haikuwa inakudanganya kwa makusudi. Ilikuwa inavutwa."

Fanuel alichukua simu yake mwenyewe akajaribu. Mwingine naye akajaribu. Mishale ilikwenda huku na huku. Barnabas alijaribu ya kwake tena, mara kadhaa. Mwishowe akairudisha mfukoni.

"Kumbe ina ndugu," alisema.

"Sasa tutajuaje?" Fanuel aliuliza.

"Kwa kamba," Bochaberi alisema.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna shimo katika mwamba wa chuma, soma sehemu hii polepole. Haihitaji mashine.

Bochaberi aliweka ubao juu ya mdomo wa shimo. Kwenye ubao alifunga nyuzi mbili, moja mwisho huu, moja mwisho ule. Kila uzi ulifungwa jiwe chini, ukateremshwa hadi ndani. Nyuzi zikaning'inia wima, zikatulia. Bochaberi alivaa kofia ngumu, akashuka pamoja na Fanuel. Alisimama kwenye handaki, akamulika nyuzi kwa tochi.

"Geuzeni ubao kidogo," alipaza sauti kutoka chini. "Kidogo tena. Rudisheni. Hapo."

Alitaka nyuzi zote mbili zikae kwenye mstari mmoja na handaki. Zilipokaa, ubao juu ulikuwa umeelekea pale handaki lilipoelekea. Nyuzi hazivutwi na chuma. Zinavutwa chini tu, na uzito wa jiwe.

Halafu walipima urefu wa handaki. Waliupima kipande kwa kipande, kamba ikishikwa mlalo, si kwa kufuata mteremko, ili urefu wa chini ulingane na wa juu. Walipanda na kamba hiyo.

"Sasa ifungeni kwenye ubao," Bochaberi alisema. "Mtu ashike mwisho wake atembee. Asiende kulia, asiende kushoto. Afuate ubao unavyoelekea."

Barnabas mwenyewe alishika mwisho wa kamba. Alitembea. Mto ulikuwa mkono wake wa kulia, na kamba haikugeuka kulia. Aliingia shamba la mihogo. Alivuka njia ya ng'ombe. Alifika kwenye ua wa minyaa, akapenya, na utomvu ukamwagikia shati lake. Scovia alikuwa ndani ya uwanja, anamwona akija. Hakuna aliyekuwa anacheka. Barnabas alipita karibu na mikeka. Alifika ukutani kwa Phelesia, na kamba ilikuwa bado haijaisha.

"Pita kwa dirisha," Scovia alisema.

Walipitisha kamba dirishani. Scovia aliishika kwa ndani, akaivuta hadi ikakaza. Ilikwisha juu ya kitanda.

Fanuel aliingia akaangalia kamba, na mahali ilipoishia. Blanketi la Damaris lilikuwa bado limekunjwa pale.

"Ni mimi niliye mbele kule chini," alisema. "Kila siku ni mimi ninayegonga mbele."

"Hukujua," Scovia alisema.

"Wewe ulijua."

Barnabas alitoka nje akawaambia watu wake kwamba hakuna mtu atakayeshuka tena siku hiyo, wala kesho yake. Hakuna aliyebisha.

"Mwamba wa chuma ni mgumu," Bochaberi aliwaeleza. "Lakini kati ya matabaka kuna udongo laini. Sasa hivi umekauka, unashikilia. Mvua ikiingia, unakuwa kama sabuni. Tabaka la juu linateleza, handaki linaanguka, na kilicho juu yake kinafuata. Mama hawezi kulala hapa."

"Mama anaweza," Phelesia alisema.

Wote waligeuka.

"Ua huu ulipandwa na mume wangu. Kuanzisha boma jipya ni kazi ya mume na mke, na mume wangu yuko pale." Alionyesha kaburi. "Mjane hatoki nje ya ua kwenda kuanza boma. Nikitoka mimi, nani amewahi kutoka hivyo? Mtanisema mpaka soko la Magunga."

Fanuel hakujaribu kumbembeleza. Alimjua mama yake.

Scovia alikuwa bado ameshika kamba. Aliangalia uwanja. Aliangalia ghala la mahindi, kule kwenye kona.

"Na ndani ya ua, je?" alimwuliza Bochaberi. "Lazima aende mbali? Ama ni kutoka tu juu ya handaki?"

"Ni kutoka juu ya handaki, na pembeni yake pia, kwa sababu shimo likianguka huvuta ardhi ya kando."

"Tuonyeshe kando inaishia wapi."

Bochaberi alipiga hesabu kichwani. Kadiri handaki linavyokuwa chini zaidi, ndivyo unavyohitaji kusogea mbali zaidi. Alitembea huku na huku, akapigilia vigingi pande zote mbili za kamba, na akaongeza nafasi, kwa tahadhari. Ghala lilibaki nje ya vigingi.

"Kona ile ni salama," alisema. "Tabaka lilelile liko chini yake, lakini ni zima. Halijachimbwa. Na lisichimbwe kamwe."

"Halitachimbwa," Barnabas alisema.

Phelesia alitembea polepole hadi kwenye vigingi. Alivitazama kimoja kimoja.

"Na mzee?" aliuliza.

"Kaburi liko nje ya vigingi, Mama. Pale ardhi ni nzima."

"Umepima vizuri? Usinidanganye kwa sababu nimekuambia utanunua mikeka."

"Nimepima, Mama."

"Basi," Phelesia alisema. "Nijengeeni pale kwa ghala. Mlango utazame lango. Na jiko langu liko kando hapo, nje ya vigingi, nitalala humo mpaka mmalize. Lakini msinicheleweshe. Lina moshi."

Wazee wa ukoo walikuja, wakakubali. Ilikuwa ndani ya ua uleule, kwa hiyo haikuwa boma jipya. Wachimbaji waliacha sururu wakashika misumari. Phelesia aliwasimamia. Alisema nguzo hii imepinda, alisema tope lile ni jepesi, alimwambia Barnabas kwamba anakandika ukuta kama mtu anayepaka mkate siagi. Barnabas alibandua akakandika upya.

Walipomaliza, walitoa mabati ya nyumba ya zamani, wakazungusha miiba ili watoto wasiingie. Kisha wakaanza kujaza handaki kwa vifusi, wakianzia mwisho wake wa ndani. Bochaberi aliwafundisha kujaza kwa kurudi nyuma, kila mtu akiwa na njia ya kutokea. Walijaza kiasi, vifusi vikiwa bado havijafika juu kwenye paa la handaki, kisha mvua zikaja, na wakasimama.

Mvua kubwa ilinyesha alasiri moja. Scovia alikuwa jikoni kwa mama mkwe. Damaris alikuwa anasoma kwa sauti, akirudia neno moja ambalo lilimshinda. Maji yalijaa ndani ya kuta za nyumba ya zamani, yakawa kidimbwi.

Scovia aliona kidimbwi kikipungua. Hakikumwagika mlangoni. Kilipungua tu, kama chai kwenye kikombe cha mtu mwenye kiu.

"Mama," alisema. "Angalia."

Kisha sakafu ikashuka. Haikupiga kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anayeketi. Ukuta wa upande wa kitanda ulifuata, na mahali pake pakawa na shimo ambalo ng'ombe wawili wangeingia.

Damaris aliacha kusoma. Phelesia alimvuta akamkalisha mapajani, ingawa alikuwa mkubwa mno kupakatwa.

 Mvua ilikuwa inapiga mabati. Scovia alikaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alibaki amekaa.

"Soma hilo neno tena," Phelesia alimwambia mtoto. "Nilikuwa nasikiliza."

Mvua zilipopungua, Barnabas na watu wake walimaliza kujaza. Walijaza handaki, wakajaza na lile shimo la uwanjani, wakashindilia. Hakuna aliyeumia.

Baadaye kikundi kilitaka kufungua shimo lingine, upande wa pili wa Got Rateng'. Mawe ya pale yalikuwa mazuri. Wachimbaji walikuja na sururu. Barnabas akawaambia waziweke chini. Kwanza alitafuta mahali mwamba umetokeza nje, akatazama matabaka yameinamia wapi. Akaweka ubao, akavuta kamba kuelekea huko. Fanuel alishika mwisho wake. Ilivuka uwanda wa majani, ikafika katika boma la mzee mmoja ambaye hakuwa mwanachama wa kikundi na wala hakuwahi kuongea nao.

Barnabas alivua kofia. Alisimama langoni.

"Hodi," alisema.

Mzee alitoka na mkewe. Barnabas aliwaeleza yote: shimo lingekuwa kule, lakini handaki lingekuja hapa, chini ya nyumba hii, na chini ya ile ya kijana wao. Alitumia mikeka miwili ya mwenye nyumba, na changarawe. Mzee aliuliza maswali. Mkewe aliuliza mengi zaidi. Walienda pembeni wakazungumza. Kisha wakarudi.

"Hapana," mama yule alisema. "Hatutaki."

"Sawa, Mama," Barnabas alisema.

Akakunja kamba, akawaambia vijana wachukue sururu zao, wakaenda kutazama mahali pengine.